Siku Mama Aliposhikwa Mkono Pangoni

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa akipata riziki kwa kuonyesha watu pango. Mama hakuliamini jambo hilo, hata alipoambiwa na dada yangu mwenyewe. Sisi ni watu wa Shinyalu, huko bara Kakamega, na mtu wa kwetu akisema ana kazi, basi analima, au anakata miwa, au anafundisha, au anashona. Majirani walipomuuliza Mama kazi ya mkwe wake huko Pwani, alijibu, "Anaonyesha shimo," kisha akauliza habari za maharagwe yao.

Shemeji ni mtu wa Malava, si mbali na kwetu. Alikwenda Mombasa akiwa kijana kutafuta kazi bandarini, akaikosa, akateremka kusini mpaka kwenye kijiji kidogo cha bandari karibu na mpaka wa Tanzania, akabaki huko. Dada yangu alikuwa akifanya kazi za nyumbani kwa familia moja Mombasa. Walikutana kanisani. Shemeji alifanya kila kitu kama inavyotakiwa: alikuja kwetu na wazee wa kwao, ng'ombe wakaletwa, tukala. Siku hiyo Mama alishinda jikoni. Alichoona cha mkwe wake ni mgongo tu, alipokuwa akiondoka.

Nieleze kidogo, maana huenda anayesoma si wa kwetu. Kwetu mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na kushikana mikono ndiko kabisa hakuwezekani. Wakiona watakutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Aibu hiyo huondolewa kwa utaratibu wake. Mkwe anamletea mama mkwe blanketi, mama mkwe anampikia kuku, na mbele ya mashahidi wa pande zote mbili wanasalimiana kwa mkono. Wengine hukaa miaka mingi bila kufanya hivyo na hakuna anayewaharakisha. Mama na shemeji walikuwa bado.

Katika ile miaka ya tisini, muda mfupi baada ya mimi kumaliza darasa la nane, mtu wa kwetu anayefanya kazi Mombasa alikuja likizo na habari. Dada amejifungua kwa kupasuliwa. Mtoto ni mzima, lakini mama yake hawezi kuinama wala kuinua ndoo, na hana mtu. Mama yake shemeji alikuwa ameshafariki. Na mtoto wao wa kwanza walikuwa wamempoteza kabla hajatimiza mwezi, dada akiwa peke yake nyumbani, mumewe akiwa kazini. Kwa hiyo Mama hakukaa kufikiri. Alifunga unga, maharagwe na ndizi, akaniambia nivae viatu.

Alinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule na sikuwa na pa kwenda. Sikuwa na maneno. Wageni wakija kwetu nilikuwa natokea mlango wa nyuma. Shuleni mwalimu akiniuliza swali nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu, hata kama jibu nalijua, mpaka amuulize mwingine. Mama alisema mtu kama huyo hawezi kumsumbua mgonjwa.

Kijiji chenyewe kilikuwa kimya kuliko nilivyofikiria bandari. Kulikuwa na gati moja ambalo mbao zake nyingine zilikuwa zimeng'oka, kituo kidogo cha polisi, msikiti, maduka machache, na nyumba za mawe ya matumbawe zilizoezekwa makuti. Juu kidogo ya gati yalisimama majumba mawili makubwa ya wazungu wa zamani, kuta tu na ngazi, miti imeota ndani. Moja ndilo lililokuwa forodha. Nyuma yake, chini ya ardhi, ndiko lilikokuwa pango.

Nyumba ya dada ilikuwa ya vyumba viwili, na jiko nje. Siku tuliyofika shemeji alikuwa ameshahama. Alikuwa amechukua mkeka na shuka kwenda kulala kwenye lile jumba la forodha, kwenye chumba kimoja ambacho kamati ya kijiji ilikuwa imekiezeka mabati ili kuwekea maboya na vifaa vya wageni. Jirani wa dada, mwanamke wa pale pale, hakuweza kulielewa hilo.

"Bibi wee, mwenye nyumba kaihama nyumba yake?" alimuuliza Mama.

"Mimi nikiwa ndani, yeye atakaaje ndani?"

"Kwani yeye si mwanao? Kwetu mkwe ni mwana. Anaingia, anakula, anakuita mama, anakuudhi kama wanao wengine."

"Basi kwenu mna bahati," Mama alisema. Lakini hakuonyesha kwamba angetaka bahati hiyo.

Kila jioni kabla jua halijazama shemeji alikuja kumwona mkewe na mtoto. Akifika uani alikohoa. Mama akisikia kikohozi anachukua kigoda chake na kuingia chumba cha ndani, anashusha pazia. Ndipo shemeji anaingia, anamtazama mtoto, kisha anatoka kukaa barazani. Baada ya hapo mazungumzo yote yalipitia kwangu, mimi nisiyejua kuzungumza.

"Shemeji, muulize Mama kama ameamka vizuri."

Pazia lilikuwa jepesi, na Mama alikuwa hatua chache tu kutoka barazani. Alikuwa amesikia kila neno. Lakini alingoja mpaka nigeuke na kumwambia, "Anauliza kama umeamka vizuri."

"Mwambie nimeamka."

"Ameamka," nilisema.

"Muulize kama mbu wanamsumbua."

"Mwambie hata Shinyalu tunakuwanga na mbu."

"Anasema hata Shinyalu wako."

Dada alikuwa amelala kitandani, ameshika tumbo kwa mikono miwili. "Jameni, msinichekeshe," alisema. "Nyuzi zitakatika."

Baada ya salamu shemeji alikuwa anafanya mazoezi. Siku zile watalii wa kizungu walikuja zaidi kwa ajili ya kuvua samaki wakubwa na kutazama pomboo, lakini shule nazo zilikuwa zimeanza kuleta wanafunzi na walimu kuona mambo ya kale, na kamati ilitaka kila anayewatembeza aijue hadithi ya kijiji bila kukwama. Basi shemeji alisimama barazani, akatazama mti wa mkungu uliokuwa mbele ya nyumba kana kwamba ndio wageni, akaanza.

Alisema kwamba pango lile liliwaficha watu kabla halijawafunga. Zamani sana, wenyeji walipovamiwa, waliingiza humo watoto na mbuzi wao wakakaa kimya mpaka maadui wapite. Baadaye wafanyabiashara ya watumwa wakaligundua, na mahali pa kujificha pakawa jela. Watu waliletwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakawekwa humo kungoja vyombo vya kuwavusha kwenda visiwani. Kisha wakaja Waingereza, wakajenga ofisi, forodha, gereza na nyumba ya mkubwa wao, na kwa muda mfupi kijiji hiki kikawa mahali pakubwa, bendera juu, meli zikitia nanga. Halafu reli ikaanzia Mombasa, si hapa. Makarani wakahama, meli zikahama, na popo wakaingia.

Alipofika hapo pa popo alikuwa ananyamaza kidogo, kwa sababu alitaka wageni wacheke.

Nyuma ya pazia Mama alikuwa akimpakata mtoto na kusikiliza. Mwanzoni nilifikiri anavumilia tu. Lakini jioni moja shemeji aliruka jambo fulani, na Mama akaniita kwa sauti ya chini.

"Mwambie amesahau mbuzi."

"Nini?"

"Watoto na mbuzi wao. Leo amesema watoto peke yao. Mwambie."

Nilitoka nikamwambia shemeji kwamba amesahau mbuzi. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akiuelekea ule mkungu, akasema, "Mwambie Mama asante." Kisha akaanza upya.

Dada alikuwa akipona polepole. Mtoto alikuwa akinyonya na kunenepa. Mama alimwosha asubuhi, akamkanda mama yake kwa maji ya moto, akapika uji, akanituma kisimani. Dada alianza kulala usingizi wa kweli. Aliniambia kwamba kabla hatujafika alikuwa akiamka kila mara kuweka kiganja puani pa mtoto ili ajue kama anapumua, kwa sababu yule wa kwanza aliondoka hivyo, kimya kimya.

Halafu mvua ikaja na upepo wa kusi. Mabati ya chumba kile cha forodha hayakuwa yamekazwa vizuri, na shemeji akaanza kukohoa kweli.

"Sasa sijui anakohoa kuniambia nitoke au anakohoa ugonjwa," Mama alisema. Alisema kwa mzaha, lakini siku nzima alikuwa akichungulia mvua. Jioni, shemeji alipokwisha kuondoka akiwa amejifunika gunia kichwani, Mama alimwambia dada, "Jumapili nitaenda."

Dada alimtazama mtoto.

"Siwezi kukaa ndani ya nyumba ya mtu na yeye ananyeshewa nje," Mama alisema. "Akifa na homa ya mapafu, watu wa Malava wataniuliza nini? Kwamba nilikuja kumfukuza mtoto wao? Huyu mdogo atabaki na wewe."

Huyu mdogo ni mimi. Mimi sikuwahi kuosha mtoto mchanga. Hata kumshika nilikuwa nangoja niwekewe mikononi. Dada alinitazama, nami nikatazama vidole vya miguu, na sote watatu tulijua kwamba Mama akiondoka dada atabaki peke yake kama mara ya kwanza. Alikuwa bado hawezi kuinama. Lakini hakumsihi Mama abaki, kwa sababu anayenyeshewa alikuwa mumewe.

Ijumaa yake shemeji alitutumia habari kwamba atashinda baharini. Kikundi cha walimu kutoka bara kilikuwa kimekuja kutembea, na yeye ndiye angewapeleka kisiwani kwa mashua. Mama aliposikia hivyo alifunga kitambaa kichwani.

"Leo hayuko. Twende nikaone hilo shimo. Sitarudi Shinyalu niulizwe nikose la kusema."

Tulimwacha dada na jirani yake. Mlangoni mwa pango kulikuwa na mlinzi aliyewekwa na kamati. Alipojua sisi ni nani hakututoza kitu, akatupa taa ya chemni, akatuonya tushike ukuta. Tuliteremka ngazi za mawe. Chini kulikuwa na nafasi pana kama ukumbi, na mwanga uliingia kwa tundu moja darini, mizizi ikining'inia hapo. Maji yalidondoka. Palinuka popo. Mbele zaidi, ukumbi ulikwisha na njia ikawa nyembamba na ya giza, na hapo palikuwa na jiwe moja linaloteleza ambalo ilibidi kulishuka ili kufika kwenye chumba cha mwisho.

Mama alikuwa akizungumza alipoingia. "Hata sisi kule njia ya Kisumu tuko na jiwe linalotoa machozi, na hakuna mtu ameliwekea mlinzi." Lakini tulipofika penye pete za chuma ukutani, za kufungia watu, alinyamaza. Aliinua taa. Aligusa pete moja kwa kidole, akaondoa kidole.

"Na hawa walikuwa na mama zao," alisema.

Wakati huo huo tukasikia sauti nyuma yetu, ngazini. Ilikuwa sauti ya shemeji. Baadaye tuliambiwa kwamba bahari ilikuwa imechafuka, mashua ikageuka njiani, na shemeji akaona afadhali wageni waone pango kwanza. Mlinzi alikuwa ameenda kuchota maji. Hakuna aliyemwambia shemeji kwamba tumo ndani.

"Karibuni, walimu, karibuni. Shikeni ukuta. Pango hili liliwaficha watu kabla halijawafunga."

Hapakuwa na njia nyingine ya kutokea. Na Mama akafanya jambo ambalo nafikiri mwanamke wa kwetu tu ndiye angelifanya. Aliinama akapuliza taa.

Kama angeiacha ikiwaka, shemeji angeona uso wake kutoka mbali, angekohoa, angerudisha wageni nyuma, na Mama angetoka. Lakini Mama aliona aibu kuonwa, akataka wapite bila kumwona. Alinivuta tukabana ukutani, palepale juu ya lile jiwe linaloteleza, akafunika uso kwa leso.

Wageni walikuja wakisukumana na kucheka. Shemeji alikuwa na tochi, lakini aliielekeza chini ili waone pa kukanyaga. Alipofika kwenye jiwe alitangulia kushuka, akageuka, akaanza kuwapokea mmoja mmoja kwa mkono.

"Leta mkono, mwalimu. Vizuri. Leta mkono. Wewe mrefu, inamisha kichwa."

Walikuwa wakipita karibu nasi kiasi kwamba nilisikia harufu ya mafuta ya nywele zao. Kisha ikapatikana nafasi kidogo kati yao, na mkono wa shemeji ukaja gizani, ukaukuta wa Mama.

"Leta mkono, mama. Usiogope, nimekushika."

Mama hakuweza kusema kitu. Kumwambia "niache" ingekuwa ni kuzungumza naye, na hawakuwahi kuzungumza. Alishuka. Shemeji alibana tochi kwapani, akamshika kwa mikono miwili, vizuri kabisa, kama mtu anayeshusha chungu, akamweka chini, nami nikateleza nyuma yake. Kisha, nafikiri kwa sababu ya mkono wenyewe, mkono wa jembe ambao si wa mwalimu, aliinua tochi.

Walitazamana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana.

Shemeji aliachia tochi. Alipanda lile jiwe bila kushika popote, akapita katikati ya wageni, na tukasikia viatu vyake ngazini mpaka vikapotea.

"Ameona nini?" mwanamume mmoja aliuliza. "Nyoka?"

"Kama ni nyoka, basi mwenye pango amekimbia kabla ya wageni," mwingine alisema. Wengine walicheka, lakini si sana.

Tochi ilikuwa imeanguka karibu na mguu wangu, bado inawaka. Niliiokota. Mama alikuwa amegeukia ukuta, amejifunika leso yote. Wageni walinikazia macho.

"Wewe msichana, nini imetokea?"

Nilitamani kutoroka. Lakini pale hapakuwa na mlango wa nyuma.

"Amemshika mkono mama mkwe wake," nilisema.

Mmoja akaangua kicheko. "Na hiyo ndiyo ya kukimbia mtu?" Lakini mwalimu mmoja mwanamke, mnene, aliyekuwa amevua viatu na kuvishika, akamkatiza.

"Wewe nyamaza. Mimi nimeolewa Butere, kule kwao. Hiyo si mchezo. Mwacheni mtu aende."

"Sasa sisi nani atatuonyesha?"

Kila mtu akaniangalia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na tochi. Nilimulika ukutani ili wasinitazame mimi, na pete nyingine zikaonekana. Nilisikia sauti yangu ikisema kwamba watu waliletwa hapa kutoka bara wakiwa wamefungwa. Ilikuwa ndogo, lakini pango liliikuza. Nilisema habari za vyombo vya kuwavusha. Kisha nikakumbuka kwamba nimeanzia katikati, nikarudi nyuma kwenye kujificha, nikasema wenyeji waliingiza humo watoto wao.

"Na mbuzi," Mama alisema kutoka ndani ya leso.

"Na mbuzi wao," nilisema.

"Walikaa kimya mpaka maadui wapite," Mama aliendelea, bado ameelekea ukutani. "Waambie Waingereza walikuja baadaye. Usiwachanganye."

"Waingereza walikuja baadaye."

"Huyu mama ni mwenyeji wa hapa?" mwanamume yule aliuliza.

"Ni wa Shinyalu," nilisema. "Kakamega."

"Kakamega! Mmetoka Kakamega kuja kutuonyesha pango la Pwani?"

Walicheka wote sasa, hata yule wa Butere, na nikaona bega la Mama likitikisika chini ya leso. Sijui alikuwa analia au anacheka. Tuliwatoa hivyo hivyo, mimi mbele na tochi, Mama nyuma akinirekebisha. Nilipofika kwenye popo nilinyamaza kidogo kama shemeji, na wakacheka mahali penyewe.

Nje, furaha iliisha. Mama alikwenda moja kwa moja nyumbani, akatoa kikapu chake chini ya kitanda.

"Nimeshikwa mkono na mkwe wangu," alimwambia dada. "Tena mbele ya walimu. Nikae hapa nikifanya nini? Sasa si Jumapili. Ni kesho."

Dada alilia, na akilia kidonda kilimuuma, kwa hiyo alilia bila kutingisha mwili. Mtoto akaamka. Mama akakiacha kikapu akamchukua mtoto, kisha akamrudisha na kuanza tena kukunja nguo. Aliendelea hivyo mpaka tuliposikia kikohozi uani.

Hakikuwa cha shemeji. Alikuwa ni askari wa kile kituo cha polisi, mtu wa makamo kutoka Lumakanda, ambaye dada alikuwa akimwita kaka kwa sababu ni wa upande wetu. Alikuwa amevaa sare na amevua kofia. Alikaribishwa, akakaa mbali na Mama.

"Mama, mkwe wako yuko kwangu. Amekaa kwa benchi ya wahalifu na hakuna mtu amemshika. Hali, hanywi. Anasema atahamia Mombasa akabebe mizigo."

"Akahame kwa nini? Mimi ndiye naenda."

"Ukienda bila kuondoa hii kitu, hutakuja tena hapa. Na yeye hatakuja kwako. Na huyu mtoto atakuwa wa nani?"

Mama aliacha kukunja nguo.

"Kama tungekuwa nyumbani, tungefanya nini?" askari aliuliza.

"Nyumbani kuna wazee."

"Hapa mzee wa Malava ni mimi. Lumakanda na Malava si mbali. Nitasimama upande wake. Wewe uko na nani?"

Mama alitazama chumbani. Dada hakuweza kuwa shahidi wake, kwa sababu ni mke. Alinitazama mimi muda mrefu.

"Niko na huyu," alisema. "Leo amejua kuongea."

Shida iliyobaki ilikuwa blanketi. Maduka ya kijiji hayakuwa na blanketi, kwani nani atalinunua katika joto lile? Shemeji aliondoka alfajiri kwenda mji ulio juu barabarani, akalitafuta mpaka mchana. Kuku tulimpata kwa jirani. Mumewe jirani alimchinja yeye mwenyewe ili nao, kwa kuwa ni Waislamu, waweze kula nasi. Jirani alitaka kumtia nazi, Mama akakataa.

"Kuku wa mkwe hatiwi nazi."

"Basi nimkate vizuri."

"Kata, lakini firigisi usiguse. Nipe hapa."

Mama aliisafisha ile firigisi mwenyewe, akaipika bila kuondoka jikoni. Kwetu kuku akiletwa mbele ya mkwe bila firigisi, ni kama umemwambia arudi alikotoka. Nikasonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa unga wetu wa Shinyalu uliobaki, ukatosha.

Walisimama uani, mchana, jua likiwa kali. Askari upande wake, mimi upande wa Mama. Jirani na mumewe walikaa barazani na dada, wakitazama. Shemeji alikuwa ametazama chini. Alifungua blanketi. Lilikuwa zito, la rangi ya damu ya mzee lenye mistari myeusi, la mtu anayeishi penye baridi kali. Ilibidi amfunike Mama mabegani, na Mama ilibidi akubali kufunikwa. Jasho lilianza kumtoka papo hapo.

"Semeni haraka," jirani alisema kutoka barazani. "Mtamwua bibi wa watu kwa joto."

Askari alisema maneno yake kwa lugha ya kwetu, kwamba aibu imeondoka na heshima imebaki. Kisha akaniashiria. Upande wa mama mkwe nao lazima useme. Sikuwa nimeandaa kitu. Nilisema, "Mama amekubali. Anaomba mkwe wake asilale tena kwenye mvua." Mama hakuwa amenituma hivyo, lakini hakunikosoa.

Ndipo akatoa mkono wake chini ya blanketi, na shemeji akaupokea kwa mikono miwili, kama alivyoupokea pangoni.

"Habari yako, mwanangu," Mama alisema.

"Nzuri, Mama. Nisamehe kwa jana."

"Ulinishusha vizuri. Pale ningeanguka."

Dada alianza kucheka barazani, ameshika tumbo, na hakutuambia tuache. Tulikula sote pamoja, shemeji akapewa firigisi, na Mama alikaa akimtazama akiila. Blanketi alilivua baada ya shemeji kumaliza, si kabla.

Mama hakuondoka Jumapili ile wala zilizofuata. Tulilala chumba cha ndani, shemeji akarudisha mkeka wake chumba cha nje, na kile kikohozi cha ugonjwa kikapungua siku baada ya siku kwa sababu Mama alikuwa akimchemshia majani. Alikaa mpaka dada akaweza kuinama na kuinua ndoo, na mtoto akaweza kukaza shingo. Mimi nilijifunza kuosha mtoto. Mara nyingine walimu au wanafunzi wakiwa wengi, shemeji alinichukua pangoni nishike tochi ya nyuma, nami nilisema sehemu ya popo.

Blanketi liko Shinyalu mpaka leo, kitandani kwa Mama, na msimu wa mvua hulisifu mbele ya wageni. Mtoto yule amekua. Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ya kwanza baada ya kuku. Mama alikuwa amekaa pale mlangoni, pazia limefungwa juu kwa kamba, mtoto amelala mapajani pake. Shemeji alirudi kutoka kazini, akafika uani, akasimama, akakohoa.

Mama hakuinuka.

"Ingia," alimwambia. "Unakohoa nini, na hapa ni kwako?"